Slaidi ya Kumi na Nne

Jumatatu, 14 Agosti 2006

Nilikwenda kwa daktari wa macho kutafuta miwani, nikarudi na kazi ya shule. Anataka niandike kila siku macho yalivyokuwa, na nilikuwa nafanya nini yalipoanza kusumbua. Mtoto wa jicho ameanza upande wa kulia, anasema atanipasua baada ya mwaka mpya. Zulma, mke wangu, ndiye aliyeninunulia daftari. Amesema, "Andika na mengine, Hila. Hujawahi kuniambia unafanya nini huko siku nzima."

Basi. Jina langu Hilarión Montaño, natengeneza slaidi za hadubini katika maabara ya kitivo cha udaktari hapa Cochabamba. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na minne, na Desemba nastaafu. Naletewa kipande cha mwili, nakigandisha kwenye nta, nakikata kiwe chembamba kuliko ganda la kitunguu, nakipaka rangi, nakifunika kwa kioo. Wanafunzi wanachungulia, wanakuwa madaktari. Mimi nabaki.

Macho leo: mazuri.

Jumanne, 15 Agosti

Upepo na vumbi. Macho yanawasha, lakini hata Zulma yake yanawasha.

Jumanne, 22 Agosti

Leo tumeanza gegedu, ule mfupa laini wa sikio na pua. Daktari Graciela Urquidi anafundisha somo hili vilevile alivyolifundisha mwaka alipofika, akiwa amesimama wima na mikono nyuma, hana karatasi. Wanafunzi wanamwogopa. Mimi pia, kusema kweli, japo tumekunywa chai pamoja kwa miaka ishirini na moja.

Amewaeleza kwamba gegedu lina seli chache, na kila seli imejifungia katika kishimo chake, zimezungukwa na kitu kigumu kama jeli iliyokauka. Halina mshipa hata mmoja wa damu. Chakula chake linakipata kwa kunyonya polepole kutoka kwenye utando unaolifunika, ndiyo maana likiumia linachukua muda mrefu kupona, na mara nyingi haliponi kabisa. Kisha aina tatu. Gegedu angavu la koo la hewa, pua na ncha za mbavu: linaonekana laini kama kioo cha buluu, na seli zake zimekaa mbili mbili, nne nne, kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Gegedu nyumbufu la sikio: seli ni kubwa, zimesongamana, na katikati yake nyuzi nyembamba zimetapakaa, ila nyuzi hizo hazionekani vizuri mpaka upake rangi yake maalumu. Na gegedu nyuzi, la kati ya pingili za uti wa mgongo: seli zimepanga foleni kati ya mafungu manene ya nyuzi.

Halafu mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Nélida Rocabado, ana miaka thelathini na moja, anarudia somo hili mara ya tatu. Mama yake anauza nyama ya nguruwe, mbichi na ya kukaanga, ile chicharrón, soko la Cancha, na yeye mwenyewe amekata nyama tangu utotoni.

"Daktari, sokoni tunayajua hayo matatu kwa kisu," akasema. "La koo linakatika kak! La sikio unalikunja, linarudi. La mgongo linang'ang'ania kisu mpaka utukane."

Darasa likacheka. Kijana mmoja nyuma akaita, "Daktari Chicharrón! Kilo moja na mahindi!"

"Wewe na mahindi yako utakuja kwangu ukivunjika mguu," Nélida akamjibu bila kugeuka, "na nitakukumbuka."

Daktari Urquidi hakucheka. Akasema tu, "Kisu hakipo kwenye mtihani, señorita Rocabado. Kuna hadubini." Nami nikafikiri, vizuri. Yule mwanamke ana mdomo.

Alhamisi, 31 Agosti

Mazuri. Nimekata ini siku nzima.

Jumanne, 5 Septemba

Nélida amebaki baada ya kipindi, anagusa kila kitu. "Don Hila, hii ni nini? Don Hila, kwa nini hii ni nyekundu?" Ameinua kipande changu cha nta kwa vidole vyenye jasho. Nikamwambia maabara si kibanda cha nyama. Akaomba radhi, akaniuliza nanunua wapi masikio na makoo ya mtihani. Nikasema machinjioni, na mara nyingi yanakuja yamechakaa.

"Nitakuletea mabichi," akasema. "Ya mama. Asubuhi kabla hayajapoa."

Ijumaa, 8 Septemba

Ameleta kweli. Sikio moja na koo moja la hewa, ndani ya mfuko, bado na joto. Sijapata vipande vizuri hivyo kwa miaka mingi. Nimevitia kwenye fomalini visioze. Sikumshukuru inavyopaswa, kulikuwa na watu.

Jumatano, 13 Septemba

Jicho la kulia baya. Kila taa ina ukungu pembeni.

Daktari Urquidi anataka mtihani mgumu mwaka huu. Amesema niondoe ngozi yote ya sikio, na utando wote wa ndani wa koo, libaki gegedu na utando wake mwembamba tu, ili wanafunzi wasikisie kwa kuona nywele. Nimefanya hivyo. Baada ya kuvuliwa nguo, vipande viwili vile vinafanana kama mapacha. Nimevikata na kuvipaka rangi ya kawaida, zambarau na waridi. Hadi namaliza, saa kumi na moja jioni, nilikuwa sioni hata ncha ya penseli. Nimeacha slaidi mezani zikauke, mbili za koo upande wa kushoto, mbili za sikio upande wa kulia. Namba nitaandika nikirudi.

Kesho ni sikukuu ya mji, tunaandamana na bendera.

Ijumaa, 15 Septemba

Nimeandika namba. Mwanamke wa usafi alikuwa amepangusa meza na kuzirudisha slaidi "palepale zilipokuwa." Koo, namba kumi na nne. Sikio, namba ishirini na moja, la akiba, halitaingia mtihanini. Macho mazuri kidogo.

Ijumaa, 29 Septemba

Mazuri.

Jumatano, 11 Oktoba

Joto. Kila mtu anaulizana mvua itakuja lini. Mpwa wa Zulma ameuza gari lake, anakwenda Hispania na mkewe. Wanasema mwakani Wahispania watafunga mlango kwa sisi wa Bolivia, watataka viza, kwa hiyo kila mwenye miguu anakimbia sasa. Mtaani kwetu nyumba nne zimebaki na bibi na wajukuu tu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mtihani wa mwisho wa vitendo. Hadubini ishirini zimepangwa mezani, dakika moja kila moja, kisha kengele. Slaidi ya kumi na nne nimeiweka mwenyewe. Nélida alipofika hapo aliinama, akainua kichwa, akainama tena, akatabasamu. Kengele ikalia. Nikadhani anatabasamu kwa sababu hajui.

Jumatatu, 30 Oktoba

Matokeo yamebandikwa. Alama ya kufaulu ni hamsini na moja. Nélida amepata hamsini.

Amesimama mbele ya ubao muda mrefu. Wenzake wamempita, hata yule wa mahindi hakumtania. Ni mara yake ya tatu, na kanuni ni kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukianguka unatoka kitivoni.

Jumanne, 31 Oktoba

Amekuja kudai karatasi yake ipitiwe upya. Nilikuwepo, nikisafisha lenzi.

"Namba kumi na nne," alisema. "Nimeandika gegedu nyumbufu, la sikio. Daktari amenipa sufuri."

"Kwa sababu ni gegedu angavu, la koo," akasema Daktari Urquidi. "Wenzako arobaini wameliona."

"Wenzangu arobaini wameona zambarau, wakaandika walichozoea kuandika. Mimi nimeona seli kubwa zimebanana, na katikati kama nywele nywele. Na lilikuwa jembamba, utando huku na utando huku. Koo si jembamba hivyo. Daktari, nimeshika masikio elfu."

"Señorita, sijakuuliza umeshika nini."

"Basi tuangalie. Slaidi si ipo?"

Daktari akanigeukia. "Don Hilarión. Kumi na nne ni nini?"

Nikafungua kitabu changu cha maabara. Nikasoma: "Kumi na nne, koo la hewa la nguruwe. Gegedu angavu."

"Katika miaka ishirini na moja," Daktari akamwambia Nélida, "mikono ya bwana huyu haijakosea hata mara moja. Samahani."

Na mimi nilijisikia vizuri. Naandika kwa sababu ni kweli: nilisimama pale na kitabu mkononi, nikajisikia vizuri. Nélida akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesubiri uongeze neno. Sikuongeza.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku ya wafu. Tumewapelekea mkate na maua wazazi wa Zulma. Makaburini mvua ya kwanza imetunyeshea, watu wamefurahi, wakaendelea kuimba. Mimi nilikuwa nafikiria meza iliyopanguswa.

Ijumaa, 3 Novemba

Nimefika maabara kabla ya wengine. Vipande vya nta bado ninavyo, maandishi yake niliyaandika mapema, kabla ya jicho kuharibika siku ile, hayana shaka. Nimekata kipya kutoka kile cha sikio na kipya kutoka kile cha koo. Nikavipaka ile rangi maalumu ya nyuzi. Kisha nikaivua kioo slaidi ya kumi na nne yenyewe, nikaiosha, nikaipaka nayo.

Koo limebaki tupu, safi. Sikio limejaa nyuzi za kahawia iliyoiva, kama nywele zilizochambuliwa kwenye kitana.

Kumi na nne imejaa nyuzi.

Ni sikio. Ni lile sikio aliloniletea likiwa na joto.

Nimekaa. Saa mbili na nusu Daktari ameingia, akavua koti, akasema mvua imeharibu njia ya kwake, akaniuliza kama nimelala vibaya. Nikasema ndiyo, jicho. Nikaifunika slaidi kwa kiganja. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, akaingia mwalimu mwingine kuazima mafuta ya lenzi, wakaanza kuzungumza. Nikajiambia, wakimaliza. Walipomaliza nikajiambia, baada ya salteña, zile sambusa zetu za saa nne. Saa nne nikajiambia, Jumatatu.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua. Sijasema.

Jumanne, 7 Novemba

Sijasema. Daktari alikuwa na mkutano.

Alhamisi, 9 Novemba

Wameniita ofisini kunionyesha mfano wa bamba la shaba watakalonipa siku ya kuniaga. Jina langu, miaka, na chini yake: *Mikono isiyokosea.* Wazo la Daktari Urquidi, wamesema. Nikawashukuru.

Nimejipangia maneno njiani kurudi. "Daktari, kuna kosa." Ni maneno matatu tu. Mtoto anaweza kuyasema. Lakini nimeona uso wake utakavyokuwa, ule uso anaowaonyesha wanafunzi. Pia nimejiambia kwamba yule mwanamke ameshaanguka mara mbili kabla ya hii, kwamba alama moja si kosa langu peke yangu, hizo nyingine zote alizopoteza amezipoteza mwenyewe. Nimeyasema haya moyoni mpaka nikaanza kuyaamini, na nilipofika nyumbani nimemgombeza Zulma kwa sababu supu ilikuwa ya moto.

Ijumaa, 10 Novemba

Sijasema.

Jumatatu, 13 Novemba

Leo nataka kuandika yote, hata kama mkono unakataa.

Nélida alikuja saa tisa alasiri kuchukua koti lake jeupe na kisanduku cha vifaa. Maabara ilikuwa tupu, mvua inapiga bati mpaka ikabidi tuzungumze kwa sauti. Alikuwa amesuka nywele upya, amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda ofisi za serikali.

"Don Hila, nakuaga," alisema.

"Utafanya nini sasa?"

"Nitaona. Mama anasema nirudi kibandani, mikono bado inakumbuka." Akacheka kidogo. Kisha akasogea karibu na kabati la slaidi. "Naomba kitu kimoja. Si kwa ajili ya alama, hizo zimekwisha. Nionyeshe kumi na nne. Dakika mbili tu."

"Ya nini?"

"Nataka nijue kama macho yangu yana kasoro. Unanielewa? Siku ile niliona kitu. Niliona kabisa, kama ninavyokuona wewe. Nikaona furaha, nikasema, hiki nakijua, hiki ni changu, hapa hakuna anayenishinda. Halafu naambiwa si hicho. Sasa kila ninachokitazama najiuliza, je, kipo? Kama nilikosea, basi sawa, mimi si wa kazi hii, nitakaa sokoni na moyo wangu utulie. Ila nataka nikosee kwa macho yangu mwenyewe."

Nikamwambia kabati limefungwa. Nikamwambia ufunguo anao Daktari.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeushika wakati nasema.

"Aa," akasema. "Basi haidhuru."

Akatoa ndani ya kikapu kifurushi kimefungwa kwa kitambaa. Chicharrón na mahindi meupe, na pilipili kwenye kichupa. "Mama amekutumia. Anasema wewe ndiye uliyeyapeleka masikio yake chuo kikuu." Akanipa mkono, akaenda zake akikimbia kwenye mvua na koti jeupe kichwani.

Nimeikabidhi nyama ile kwa bawabu. Sikuweza kuifungua.

Nilikuwa nikimwona mwenye mdomo, mbishi, mtu wa kugusagusa. Ndiye mwanafunzi pekee katika miaka thelathini na minne aliyetazama slaidi yangu kweli. Wengine wote walikuwa wanasoma lebo.

Jumanne, 14 Novemba

Sijasema.

Ijumaa, 17 Novemba

Zulma ameniuliza nina nini. Nikamwambia. Nilimwambia yote, tukiwa tunamenya viazi. Akaendelea kumenya mpaka kiazi kikawa kidogo kama kokwa.

"Na unasubiri nini?" akauliza.

"Nafasi nzuri."

"Hila, nafasi nzuri ilipita mlangoni na koti kichwani."

Jumatatu, 20 Novemba

Daktari Urquidi mgonjwa, mafua. Ningesema leo. Naandika hivyo, na najua si kweli.

Ijumaa, 24 Novemba

Daktari amerudi. Sijasema. Jicho baya, siku nzima.

Alhamisi, 30 Novemba

Mto Rocha umejaa, maji ya kahawia mpaka karibu na daraja. Sijasema.

Jumatatu, 4 Desemba

Nimesema.

Daktari aliniita asubuhi anisomee hotuba atakayoitoa siku ya kuniaga, nimwambie kama tarehe ni sahihi. Alivaa miwani yake ya kusomea. Alisoma habari za mwaka nilioanza, za hadubini nane tulizokuwa nazo wakati huo, za siku paa lilipovuja nikabeba masanduku yote ya slaidi nyumbani kwangu. Alisoma vizuri, na sauti yake ilitetemeka mahali fulani, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kisha akafika kwenye mikono isiyokosea.

"Daktari, kuna kosa," nikasema.

"Wapi? Tarehe?"

"Kumi na nne ni sikio."

Hakuelewa. Nikamletea slaidi tatu, ile yenyewe na mbili za kulinganisha, nikaziweka mbele yake. Alitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudia ya kwanza. Alipoinua kichwa alikuwa na alama ya lenzi kuzunguka jicho, kama mtoto.

"Umejua lini?"

"Tarehe tatu Novemba."

"Leo ni tarehe nne Desemba."

"Ndiyo, Daktari."

Nilisubiri ule uso. Haukuja. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti, akaifuta tena.

"Mwaka wangu wa pili hapa," alisema, "niliweka figo mbili kwenye mtihani nikaziita tezi. Darasa zima likaanguka. Kesho yake nikaingia nikawaambia, jana mwalimu wenu alikuwa mjinga, leo kila mtu anapata alama kamili. Ilichukua dakika tano. Walinipigia makofi." Akavaa miwani. "Ungeniambia asubuhi ile ile, don Hilarión, ningebadilisha karatasi kabla ya saa nne, tungekwenda kula salteña. Ulidhani mimi ni mtu gani?"

Nilikuwa nimemwogopa mtu ambaye hayupo, kwa miaka ishirini na moja, nikakaa naye mezani.

"Nami sikuangalia," akasema. "Aliniambia tuangalie, slaidi ilikuwa hatua tatu kutoka hapa nilipokaa, nikauliza kitabu. Hilo ni langu, wala siwezi kukubebesha wewe." Akachukua ile hotuba, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Sasa tumtafute."

Jumanne, 5 Desemba

Daktari amekwenda mwenyewe kwa mkuu wa kitivo. Nimempigia Nélida simu mara sita, namba haipatikani.

Alhamisi, 7 Desemba

Baraza limekaa. Slaidi ya kumi na nne ilikuwa na alama tatu. Nélida Rocabado amepata hamsini na tatu, amefaulu, nafasi yake iko palepale. Wenzake arobaini wameachiwa alama zao, maana hawakudanganya mtu. Barua ina mihuri miwili. Nimeomba niipeleke mimi. Bamba la shaba nimeomba wasiniletee, na sherehe pia. Daktari hakubisha.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimekwenda Cancha. Kulikuwa na jua baada ya mvua, matope mpaka kwenye vifundo, ikabidi niulize njia mara tatu. Doña Primitiva, mama yake Nélida, ni mwanamke mfupi mwenye kofia nyeupe na aproni, mikono yake ni minene kuliko yangu. Kabla sijajitambulisha alikuwa ameshanikatia kipande cha kuonja. Nilipotaja jina akaweka kisu chini.

"Wewe ndiye don Hila wa masikio! Kaa, kaa. Sogeza hiyo ndoo."

Nikampa barua. Hasomi vizuri, akamwita jirani yake muuza viazi amsomee. Jirani alisoma kwa sauti kubwa, soko zima likasikia. Doña Primitiva alifunika mdomo kwa aproni. "Amefaulu," alisema. "Mwanangu amefaulu. Nilimwambia! Na yeye hayupo!"

Nélida ameondoka Alhamisi ya tarehe thelathini. Basi hadi Santa Cruz, kutoka hapo ndege hadi Madrid, kisha Valencia, kwa binamu yake. Ameshapata kazi.

Mama akatoa simu yake ya mkononi, akampa muuza viazi abonyeze. Huku ilikuwa saa sita mchana, kule saa kumi na moja jioni. Alimpigia kelele za furaha, kisha akanipa simu. Nikasogea pembeni, karibu na magunia.

"Don Hila?"

"Lilikuwa sikio," nikasema.

Nikabana simu sikioni. Nikadhani imekatika.

"Nilijua," akasema polepole. "Hapana. Nilijua, halafu nikaacha kujua." Akavuta pumzi. "Siku ile nilipokuja kuchukua koti. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ufunguo?"

"Mfukoni."

Nilisikia televisheni upande wa pili, na mtu mzee akiita. Akamjibu kwa upole kwamba anakuja.

"Nélida, nafasi yako ipo. Muhula mpya unaanza Februari. Daktari Urquidi mwenyewe amesema..."

"Nikirudi sasa sitaingia tena huku, don Hila. Watafunga. Na mama ananitegemea mimi, na mdogo wangu anakuja Januari, tiketi ipo." Alizungumza bila ukali, kama mtu anayeeleza bei. "Unajua nafanya nini? Namhudumia bibi wa miaka themanini na tisa. Magoti yake yamekwisha, mfupa unasaga mfupa, gegedu karibu lote limelika. Namwogesha, namgeuza. Jana daktari alikuja na picha zake, akaziweka dirishani, nikaona. Nikamwonyesha, hapa ndipo palipobaki kidogo. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema sokoni."

"Nisamehe."

"Sijui, don Hila. Niulize siku nyingine. Bibi ananiita."

Niliporudi kibandani Doña Primitiva alikuwa amenipakulia sahani. Nyama yenye ngozi yake ya kukauka, mahindi meupe, kitunguu, pilipili. Amenipangusia kiti kwa aproni. Majirani wawili walisimama kumtazama mtu aliyeleta barua.

"Kula, baba. Tangu asubuhi uko njiani. Mwanangu amesemaje? Anarudi?"

"Harudi."

"Lakini amefurahi?"

Nilikuwa nimeshatia mdomoni tonge la kwanza. Nikameza. Nikamwambia. Nilimwambia meza iliyopanguswa, kitabu nilichokisoma, ile rangi ya kahawia, mwezi mzima wa kesho na kesho kutwa, na ufunguo. Nilimwambia kwamba kama ningesema asubuhi moja tu, mwanawe angekuwa amekaa hapa leo na vitabu vyake. Sikupunguza kitu. Majirani walirudi kwenye viazi vyao.

Doña Primitiva alinisikiliza hadi mwisho. Akachukua kisu, akakipangusa upande mmoja na upande mwingine. Nilidhani ataondoa sahani, na nikaisukuma mbele kidogo ili isimpe taabu.

Akairudisha kwangu.

"Maliza kula," alisema. "Hapa kwangu chakula hakitupwi. Ukimaliza, nenda, usipite tena njia hii."

Nikala. Alikuwa amegeuka, anahudumia wateja wengine, anapima, anafunga, anataniana nao kwa sauti ileile. Nilikula mpaka punje ya mwisho ya mahindi, nikaweka sahani juu ya meza taratibu, nikaondoka kupitia upande wa pili ili nisikatize mbele yake.